Kamera ya Rubani wa Mizigo: Safari ya Berlin na Frankfurt katika Nyayo za Gail Halvorsen

Alhamisi: Hamburg hadi Berlin

Gail Seymour Halvorsen alikwenda Berlin kupiga picha. Ilikuwa Julai 1948, naye alikuwa luteni wa miaka 27 katika jeshi la anga la Marekani, akirusha ndege ya mizigo kati ya Frankfurt na mji uliokuwa umezingirwa. Kila alipotua Tempelhof alichokiona ni lami, malori na vibarua waliopakua magunia ya unga, na ndege ikishakuwa tupu alitakiwa kuondoka mara moja. Siku moja ambayo hakuwa zamu, badala ya kulala kama wenzake, aliomba nafasi katika ndege ya rafiki yake, akabeba kamera yake ndogo ya sinema na kurudi Berlin kama abiria, ili achukue filamu ya ndege zinavyoshuka katikati ya majengo yaliyobomolewa kwa mabomu. Kuwadondoshea watoto peremende kutoka ndegeni, jambo alilokuja kujulikana kwalo, kulianzia katika matembezi hayo, na ndiyo sababu ya safari yetu.

Ninaishi Hamburg, na kazi yangu bandarini ni kupanga mizigo, kwa hiyo kwa muda mrefu nimevutiwa na daraja la anga la Berlin, yaani misururu ya ndege iliyoulisha mji huo, kwa upande wa hesabu zake. Safari hii nimefuatana na binti yangu, mwanafunzi wa sekondari anayependa sana kupiga picha. Tulikubaliana tangu nyumbani kwamba yeye atatazama picha na mimi nitatazama mizigo, kisha jioni tuelezane.

Treni ya kwenda Berlin hukata tambarare ambayo hadi mwaka 1990 ilikuwa ya upande mwingine wa mpaka. Nilimwonyesha binti yangu kwenye ramani jinsi Berlin ilivyokuwa kama kisiwa: mji uliogawanywa kwa mataifa manne yaliyoshinda vita, lakini wenyewe ukiwa ndani kabisa ya eneo la Wasovieti, kiasi cha kilomita 160 kutoka maeneo ya Wamarekani, Waingereza na Wafaransa. Juni 1948 mataifa ya Magharibi yalitoa sarafu mpya katika maeneo yao, na tarehe 24 ya mwezi huo Wasovieti wakafunga reli, barabara na mifereji. Zaidi ya watu milioni mbili katika sehemu ya magharibi ya mji wakabaki bila njia ya kupata chakula na makaa ya mawe, isipokuwa njia tatu za angani zilizokuwa zimeafikiwa kwa maandishi tangu 1945, kila moja ikiwa na upana wa kilomita 32 hivi. Njia ya kaskazini ilianzia upande wa Hamburg, na treni yetu ilikuwa ikikimbia takriban chini yake.

Tulifika jioni, tukaweka mizigo hotelini na kwenda moja kwa moja kwenye uwanja unaoitwa Platz der Luftbrücke, mbele ya jengo la Tempelhof. Mnara uliopo hapo ulibuniwa na Eduard Ludwig na kuzinduliwa mwaka 1951. Ni mbavu tatu za zege zinazopinda kuelekea magharibi, kila moja ikiwakilisha njia mojawapo ya angani, na wenyeji wa Berlin waliupa jina la ukucha wa njaa. Chini yake yameandikwa majina ya waliokufa katika kazi hiyo, wakiwamo Waingereza 39 na Wamarekani 31. Binti yangu aliyasoma yote kwa sauti ya chini. Wengi wa watu hao walikuwa wametoka salama katika vita kubwa kuliko zote, halafu wakafa wakipeleka makaa ya mawe na viazi kwa raia wa nchi waliyokuwa wakiipiga mabomu miaka mitatu tu kabla. Nadhani jambo hilo halijatajwa vya kutosha.

Ijumaa: Tempelhof

Jengo la Tempelhof ni kubwa kupita kiasi. Lilianza kujengwa mwaka 1936 kwa ramani ya Ernst Sagebiel, na lina urefu unaozidi kilomita moja, likiwa limepinda kama upinde kuuzunguka uwanja. Upande wa ndani kuna paa pana lisilo na nguzo mbele, ambalo ndege zilisogezwa chini yake ili mvua isiguse abiria wala mizigo. Uwanja ulifungwa kwa ndege Oktoba 2008, na tangu Mei 2010 njia za kurukia zimekuwa bustani ya wananchi: watu huendesha baiskeli, watoto hurusha tiara, na wazee hukaa kwenye viti vya kukunja mahali ambapo zamani hakuna aliyeruhusiwa kusimama. Ndege moja aina ya C-54, yenye injini nne, bado imeegeshwa karibu na jengo, na tulipita mbele yake katika ziara ya kuongozwa.

Halvorsen alirusha ndege ya aina hiyo. Ilibeba karibu tani 10, mara tatu ya uwezo wa ile C-47 yenye injini mbili iliyotumika mwanzoni. Mahitaji ya chini kabisa ya mji yalikadiriwa kuwa tani 4,500 kwa siku, kwa hiyo C-54 zilipokusanywa kutoka Alaska, Hawaii na kwingineko, hesabu ambayo wengi waliiona haiwezekani ikaanza kuwezekana. Mwishoni mwa Julai alikabidhiwa kazi hiyo Jenerali William Tunner, mtu aliyesimamia usafirishaji wa anga kutoka India hadi China juu ya milima ya Himalaya wakati wa vita. Baada ya Ijumaa ya tarehe 13 Agosti 1948, mawingu mazito yalipoifanya misururu ya ndege kuzunguka juu ya Berlin bila kujua nani atue kwanza, alitoa amri moja rahisi: rubani atakayekosa kutua mara ya kwanza asijaribu tena, arudi na mzigo wake alikotoka. Ndege zilifuatana kwa nafasi ya dakika tatu. Wahudumu walikatazwa kwenda mbali na ndege zao Berlin, na vinywaji na vitafunio vikaletwa kwa gari hadi kwenye ndege. Mtu wa bandari anaielewa amri kama hiyo bila kuelezwa, kwani gati likikaliwa na chombo kisichofanya kazi, foleni yote hukwama nyuma yake.

Kabla ya alasiri tulivuka uwanja kwa miguu kuelekea upande wa Neukölln, ambako ndege zilishuka zikipita juu kidogo ya paa za nyumba za ghorofa. Halvorsen alikuwa ameshachukua filamu aliyoitaka alipogundua kwamba watoto wapatao 30 wamekusanyika nje ya uzio wakimtazama. Aliwasogelea. Baadhi yao walijua Kiingereza kidogo cha shuleni, wakamuuliza maswali ya watu wazima: ndege moja inabeba magunia mangapi ya unga, na je, ni kweli kwamba hawataachwa? Mwenyewe alisimulia kwa maisha yake yote kwamba watoto hao walimwambia wanaweza kuvumilia chakula kidogo, lakini uhuru wakiupoteza huenda wasiupate tena. Alisimulia pia kwamba alishaaga na kuanza kuondoka ndipo likamjia jambo lililomsimamisha: katika nchi nyingine alizopita wakati wa vita, watoto walimzunguka mwanajeshi wa Marekani wakiomba peremende, lakini hawa, ambao wengine huenda walikuwa wamesahau hata ladha yake, hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono.

Mfukoni alikuwa na vipande viwili vya chingamu. Alivikata kila kimoja katikati, akavipitisha kwenye uzio. Watoto hawakugombana. Waliopata walitafuna, na waliokosa waliomba karatasi ya kufungia, wakaichana vipande vidogo na kuvipokezana ili kila mmoja anuse. Halvorsen akawaahidi kwamba siku inayofuata atawadondoshea zaidi kutoka angani, mradi waahidi kugawana. Walimuuliza watamtambuaje katika ndege zote hizo. Aliwajibu kwamba atayatikisa mabawa, kama alivyokuwa akiwafanyia wazazi wake kule nyumbani alipojifunza urubani, na kwa ishara hiyo watoto wakampa baadaye jina la Mjomba Mtikisa-Mabawa.

Nilisimama hapo muda mrefu. Binti yangu alipiga picha ya nyasi na paa za nyumba, kisha akaniuliza, "Baba, kumbe aliyekuja kutazama ndiye aliyekuwa akitazamwa?" Nilimjibu kwamba ndivyo ninavyoiona mimi pia. Kamera ndiyo iliyomtoa kwenye chumba cha rubani na kumleta ardhini, upande ambao ndege zilionekana kama zilivyoonekana na walioletewa mizigo.

Usiku hotelini tulitengeneza mwavuli wa leso. Halvorsen na wenzake wawili wa ndegeni waliweka pamoja mgawo wao wa chokoleti na chingamu, wakaufunga katika vifurushi vitatu, na kwa kuwa kifurushi kinachodondoka kutoka ndege inayokwenda kasi kingeweza kumuumiza mtoto, wakafunga kila kimoja kwenye leso ya mfukoni kwa nyuzi. Kazi hiyo inahitaji uangalifu kuliko inavyoonekana. Unafunga uzi kwenye kila pembe ya leso, unazikutanisha ncha nne, na ni lazima nyuzi zilingane kabisa, la sivyo leso inalala upande mmoja na kifurushi kinaanguka kama jiwe. Tulidondosha yetu kutoka dirisha la ghorofa ya nne kwenye ua wa ndani, ikiwa imebeba kipande cha chokoleti. Leso ilijaa upepo ikiwa nusu ya njia, ikatulia, ikashuka polepole hadi miguuni pa mzee mmoja aliyekuwa akifunga baiskeli yake. Alitazama juu, akacheka, akatamka lile neno la Kijerumani la ndege za zabibu kavu, ambalo Waberlin walizipa ndege za mizigo.

Jumamosi: Dahlem

Jumba la makumbusho la mataifa yaliyoshinda vita lipo Clayallee, katika mtaa tulivu wa Dahlem, ndani ya ukumbi uliokuwa sinema ya wanajeshi wa Marekani. Kiingilio ni bure. Nje imesimama ndege ya Kiingereza aina ya Hastings, na ndani kuna picha nyingi za miezi ya kuzingirwa, kuanzia Juni 1948 hadi vizuizi vilipoondolewa tarehe 12 Mei 1949 na ndege kuendelea kuleta akiba hadi Septemba ya mwaka huo.

Tulikuwa tumeshagawana kazi, kwa hiyo binti yangu ndiye aliyenifundisha hapa. Aliniambia nitazame mpiga picha amesimama wapi. Picha nyingi za jeshi zimepigwa kutoka upande wa ndege: mlango wazi, magunia, wanaume wamejipanga. Picha iliyobaki katika kumbukumbu za dunia ni ya Henry Ries, Myahudi aliyezaliwa Berlin, akakimbilia Marekani kabla ya vita, akarudi na jeshi na kisha kuwa mpiga picha wa gazeti la New York Times. Yeye alisimama nyuma ya watoto. Wametupa mgongo, wako juu ya kifusi, na nyuso zao zimeelekea ndege inayoshuka. Mwaka 1998, miaka 50 baada ya tukio, posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha hiyo. Picha nyingine inayojulikana ni ya Halvorsen mwenyewe akifunga vifurushi kwenye leso. Kwa hiyo mtu aliyekuja na kamera aliishia kuwa ndani ya picha za wengine, na picha zinazofahamika zaidi za kisa chake hakuzipiga yeye.

Alidondosha peremende kwa siri kwa wiki kadhaa. Katika C-54 kulikuwa na tundu nyuma ya kiti cha rubani la kurushia fataki za ishara, na mhandisi wa ndege alisukuma vifurushi humo kabla tu ya ndege kuufikia uzio. Barua zilizoandikwa kwa mjomba asiyejulikana zikaanza kufika uwanjani. Halafu mwandishi mmoja wa habari akakoswakoswa kichwani na kifurushi, habari ikatoka gazetini, na Halvorsen akaitwa na mkubwa wake aliyetaka kujua kwa nini hakuambiwa. Kwa bahati njema Tunner aliipenda habari hiyo. Badala ya adhabu ilitolewa ruhusa, na kuanzia Septemba 1948 kazi ikawa rasmi. Viwanda vya peremende vya Marekani vilichanga, na katika mji wa Chicopee, Massachusetts, watoto wa shule na wanafunzi wa chuo walikata vitambaa na kufunga nyuzi hadi mpango ulipokwisha. Marubani wengine wa kikosi chake walishiriki, na Halvorsen mwenyewe alirudishwa Marekani Januari 1949 kazi ikiwa inaendelea bila yeye.

Hapa ndipo hesabu zangu zilipoingia. Peremende zote zilizodondoshwa zilikuwa tani 23 hivi, kwa miavuli inayokadiriwa kuwa zaidi ya 250,000. Mzigo wote uliofika Berlin kwa ndege ulizidi tani milioni 2.3, katika safari zaidi ya 277,000, na karibu theluthi mbili zake zilikuwa makaa ya mawe. Katika saa 24 za tarehe 15 hadi 16 Aprili 1949 peke yake, zilifanyika safari 1,398 zilizoleta karibu tani 13,000. Siku ina dakika 1,440, maana yake ni karibu ndege moja kila dakika, mchana na usiku. Ukizipakia tani 23 katika C-54 hazizijazi ndege tatu. Mimi ambaye hupima umuhimu wa mzigo kwa uzito wake nililazimika kukaa kwenye benchi nje, chini ya bawa la Hastings, na kulifikiria jambo hilo kwa utulivu. Makaa ya mawe ndiyo yaliyowaokoa watu wasife kwa baridi, na wanahistoria wana haki ya kuyapa nafasi ya kwanza. Lakini makaa yalifika kwa jina la serikali na yaligawiwa kwa kadi, wakati leso iliyotua kwenye bustani ya mtu ilitoka kwa mtu mmoja aliyemwona mtoto mmoja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Mercedes, msichana wa miaka saba aliyemwandikia Halvorsen mwaka 1948 kumweleza kwamba kuku wao huzidhani ndege kuwa mwewe na wameacha kutaga. Alimwomba, akiona kuku weupe, adondoshe hapo hapo, hata kama kuku wenyewe watafadhaika. Halvorsen hakuwaona kuku hao kutoka angani, kwa hiyo alimtumia peremende kwa posta pamoja na barua. Mwaka 1972, Halvorsen akiwa amerudi Berlin, mwanamke aliyemwalika nyumbani kwa chakula cha jioni alitoa barua ya zamani kabatini na kumpa aisome. Alikuwa yeye. Familia zao zilibaki marafiki hadi mwisho.

Kabla ya kurudi mjini tulipita mbele ya shule ya sekondari ya Dahlem ambayo tangu mwaka 2013 inaitwa Gail-S.-Halvorsen. Ilikuwa imefungwa kwa mwisho wa wiki, lakini kibao kilionekana wazi.

Jumapili: Ndege juu ya paa

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Tulikwenda jumba la makumbusho ya teknolojia, ambako C-47 imening'inizwa juu ya ukumbi wa nje, pua ikielekea mfereji, na huonekana hata kutoka kwenye treni ya mjini inayopita juu ya daraja. Waingereza waliiita Dakota, na kwa jina hilo ndiyo inayojulikana kwetu pia, kwa kuwa East African Airways iliitumia kwa miaka mingi.

Wazee wetu waliijua mapema zaidi. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Keya kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, iliteremka bonde la Kabaw nchini Burma katikati ya mvua kubwa, barabara zikiwa zimegeuka tope lisilopitika, na chakula na risasi zao zilidondoshwa kwa miavuli kutoka kwenye Dakota. Desemba ya mwaka huo walifika Kalewa kwenye mto Chindwin. Babu wa mke wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa akisema kwamba msituni mtu alijifunza kutofautisha mlio wa Dakota na milio mingine akiwa bado usingizini, kwani mlio huo ulikuwa mlio wa chakula. Binti yangu hakuwahi kukisikia kisa hicho, na tulikaa mgahawani hadi mvua ilipokwisha nikimsimulia yote niliyoyakumbuka.

Jumatatu: Kwa treni hadi Frankfurt

Safari ya Frankfurt huchukua saa nne hivi, nami nikaitumia kuyapanga maisha ya Halvorsen kwa mfuatano wake.

Alizaliwa Salt Lake City, Utah, tarehe 10 Oktoba 1920, akakulia katika mashamba madogo ya Idaho na Utah. Alisimulia kwamba akiwa kijana anapalilia viazisukari aliinua kichwa kila ndege ilipopita, kwa hiyo yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtoto wa kutazama juu. Mwaka 1941 alipata leseni ya urubani kupitia mpango wa serikali wa kuwafunza raia. Vita vilipofika Marekani aliingia jeshi la anga, akafunzwa pamoja na marubani wa Uingereza huko Oklahoma, kisha akapangiwa ndege za usafirishaji katika eneo la Atlantiki ya Kusini, kuzunguka Natal nchini Brazili na kisiwa cha Ascension. Njia hiyo ndiyo iliyovusha ndege na vifaa hadi Accra, kisha kukata Afrika hadi Khartoum na Cairo. Rubani wa mizigo hapigwi picha za ushujaa. Kazi yake ni kufika, kushusha na kurudi, na nafikiri tabia hiyo ya kazi isiyotazamwa ndiyo iliyomfanya awe na macho ya kuwaona wengine ambao hawatazamwi.

Baada ya Berlin alioa, akasoma uhandisi wa ndege katika Chuo Kikuu cha Florida, akafanya utafiti wa ndege za mizigo na baadaye miradi ya anga za juu ya jeshi, ukiwamo ule wa maabara ya kuzunguka dunia uliofutwa mwaka 1969. Kuanzia 1970 hadi 1974 alikuwa kamanda wa kituo cha Wamarekani pale pale Tempelhof. Watoto wa uzio walikuwa na miaka thelathini na zaidi, wengine wakija na watoto wao kumpa mkono.

Alistaafu jeshi mwaka 1974 akiwa kanali, na mtu angetarajia mhandisi wa cheo chake aingie katika kampuni ya kutengeneza roketi au ndege. Yeye alikwenda Provo, Utah, na kwa miaka 10, kuanzia 1976 hadi 1986, alikuwa msaidizi wa mlezi wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Brigham Young. Kwa maoni yangu sehemu hii ya maisha yake, ambayo wasimulizi huipitia kwa sentensi moja, ndiyo inayoeleza tabia yake kuliko zote. Kazi ya ofisi ya namna hiyo ni kuwasikiliza vijana waliokwama: aliyeshindwa mtihani, aliyekosa ada, aliyefiwa, anayetaka kuacha masomo. Haina gwaride wala nishani. Halvorsen aliifanya katika umri ambao wengine hupumzika, na alipoiacha alikwenda na mkewe Alta kutumikia kanisa lao Uingereza na, katika miaka ya 1990, Urusi, nchi ambayo serikali yake ndiyo iliyokuwa imeuzingira mji wa Berlin.

Hakuacha kudondosha peremende. Mwaka 1994 alijiunga na wanajeshi wa anga waliopeleka misaada Bosnia wakati wa vita. Katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 2002 mjini Salt Lake City, Wajerumani walimchagua abebe kibao cha jina la nchi yao wakati timu ilipoingia uwanjani. Mei 2019, akiwa na miaka 98, alirudi Tempelhof, na kiwanja cha besiboli cha hapo kikapewa jina lake. Alifariki Provo tarehe 16 Februari 2022, akiwa na miaka 101.

Jumanne: Zeppelinheim

Mnara pacha wa ule wa Berlin ulijengwa mwaka 1985 kando ya uwanja wa Frankfurt, karibu na barabara kuu iendayo kusini. Nao una mbavu tatu, lakini hizi zinapinda kuelekea Berlin, na pembeni zimesimama ndege mbili, C-47 na C-54, zikiwa zimekaribiana kiasi kwamba unaweza kuzilinganisha kwa jicho. Kituo cha jeshi cha Rhein-Main ambako Halvorsen alilala, katika msongamano wa marubani waliopishana zamu usiku na mchana, kilifungwa mwaka 2005, na eneo lake limeingia katika uwanja wa kiraia. Ndege za abiria zilipita juu yetu bila kukoma.

Binti yangu alitaka kujua umbo la mlango wa C-54. Tulisimama chini yake tukapima kwa macho urefu kutoka ardhini hadi kizingiti, ambao unamzidi mtu mrefu, na hapo ndipo taabu ya kazi ile ilipoeleweka. Kila gunia lilipakiwa na kupakuliwa kwa mikono, kutoka sakafu ya lori hadi sakafu ya ndege, na vibarua wa Kijerumani waliifanya kazi hiyo kwa zamu, wengi wao wakiwa wenyewe na njaa.

Nilimweleza jambo ambalo nililijua kutokana na kazi yangu kabla sijajua lolote kuhusu leso na chingamu. Jeshi la anga la Marekani lina aina mbili za mashine za kupandisha mizigo ndegeni, ambazo hulala usawa wa lori kisha hujiinua hadi usawa wa mlango wa ndege. Kubwa, ya ratili 60,000, inaitwa Tunner, kwa jina la jenerali aliyezipanga ndege kwa dakika tatu tatu. Ndogo, ya ratili 25,000, uzito unaozidi kidogo shehena nzima ya C-54 moja, inaitwa Halvorsen, nayo hupelekwa mahali popote ambapo misaada inashushwa haraka na hakuna gati wala vifaa vya bandari.